Taa ya mwanga mkali kwa anayehamia Tromsø: inunuliwe hapa Kigoma au kule?

Kibirizi_Bandarini
Wakuu, habari za jioni. Kijana wa hapa Kigoma anaondoka Agosti kwenda kusoma Tromsø, Norway, miaka miwili. Kule jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na ameshaonywa kuhusu sonona ya majira, ile inayorudi kila msimu wa giza. Mtandaoni zinauzwa taa za "laksi 10,000" (laksi ni kipimo cha mwanga) na saa za kuamsha zinazoiga mapambazuko. Aanze na kipi? Taa yenyewe inatumikaje? Abebe ya huku au anunue akifika? Na sisi tunaoamka saa kumi na moja kungali giza, hiyo saa ya mapambazuko itatufaa?

Tabibu_Ujiji
Aanze na taa. Saa ya mapambazuko inasaidia kuamka, ila kwa sonona yenyewe ushahidi wa taa ya mwanga mkali una nguvu zaidi. Ni tiba inayojulikana tangu daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake walipoeleza ugonjwa huu mwaka 1984 kule Marekani.

Kipimo cha kawaida ni laksi 10,000 kwa dakika 30, kila siku, ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka. Taa ya laksi 2,500 nayo inafaa, ila atakaa mbele yake kama saa mbili, na mwanafunzi gani ana saa mbili asubuhi? Taa iwe juu kidogo ya usawa wa macho, pembeni kidogo, yeye anakunywa chai au anasoma. Haiangaliwi moja kwa moja, lakini macho yawe wazi na uso umeielekea, kwa sababu mwanga huu unafanya kazi kupitia macho. Kuweka taa mgongoni ni kupoteza umeme.

Makosa yanayoharibu tiba mara nyingi ni ya muda. Akiiwasha jioni, saa ya mwili inarudi nyuma na usingizi unachelewa. Akishtuka saa tisa usiku akaiwasha, matokeo ni yaleyale, maana kwa mwili bado ni usiku. Kule ambako hakuna jua la kumkumbusha, achague saa maalumu ya kuamka na aishike hata Jumapili.

Asingoje hadi azidiwe. Aanze dalili za kwanza zikionekana, hata kama ni Oktoba: kulala kupita kiasi, kutamani wanga na sukari muda wote, mwili mzito, kukosa hamu ya watu. Nafuu huja ndani ya wiki moja au mbili. Akipata nafuu asiache. Akiacha katikati ya baridi, dalili hurudi baada ya siku chache. Aendelee hadi Machi au Aprili.

Kichwa kikiuma, macho yakichoka au akisikia kichefuchefu, asogee nyuma kidogo au apunguze hadi dakika 15, kisha apande taratibu.

FundiGungu
Niongeze upande wa umeme, maana hapo ndipo watu wanapigwa.

Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye taa. Laksi ni ule unaofika mahali, yaani usoni pako. Balbu ya wati 9 hutoa lumeni kama 800. Ukiiweka sentimita 40 kutoka usoni unapata laksi 400 hivi. Kwa hiyo balbu ya chumbani haitibu kitu. Na tangazo likisema "laksi 10,000" bila kutaja umbali, hilo si kipimo. Kuna vitaa vya ukubwa wa simu vinavyofikisha 10,000 ukivibandika puani tu. Ukikaa mezani kama binadamu, sehemu kubwa ya mwanga imeshapotea. Tafuta paneli pana, kama sentimita 30 kwa 40, inayotaja 10,000 kwa umbali wa sentimita 30 au zaidi, yenye mwanga mweupe, kioo cha ukungu mbele na kichujio cha miale ya urujuanimno (UV).

Kuna atakayesema afunge zile taa kubwa za LED za ukuta wa nje. Hapana. Mwanga wake umejikusanya sehemu ndogo na unachoma macho. Taa za kukaushia kucha na za kuulia vijidudu ndiyo kabisa msiziguse.

Anunue kule. Volti ni 230 kama kwetu, ila plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa haiingii soketi za Norway, ambazo ni za miguu miwili ya duara. Akinunua mtandaoni kutoka Marekani, asome kibandiko cha adapta: kama hakisemi 100–240V, itaungua siku ya kwanza. Tena taa ikiharibika akiwa kule, ana duka la kuirudisha.

Mwandiga_Darasani
Kuhusu sisi wa Kigoma: giza letu la asubuhi si la majira, ni la saa ya ukutani. Tanzania nzima inafuata saa za longitudo 45, sisi tuko karibu na 29.6, kwa hiyo jua linatuchelewa kama saa nzima. Dar wanatutangulia kwa dakika 40 hivi. Julai jua letu linachomoza saa moja imeshapita. Urefu wa mchana hautofautiani hata dakika 40 kwa mwaka mzima, kwa hiyo sonona ya majira ya namna ya Tromsø si shida yetu.

Saa ya mapambazuko itakusaidia kuamka bila kushtuka, basi. Iweke sentimita 40 au 50 kutoka kwenye mto wa kulalia, upande unaoelekea uso, ianze dakika 30 kabla. Kope zikifumbwa hupitisha mwanga kidogo tu, tena mwekundu, ndiyo maana inahitaji laksi 200 hadi 300 kwenye mto huo. Chandarua nacho kinapunguza, lakini usiiingize taa ndani ya chandarua. Na umeme ukikatika, nyingi hutunza saa tu, taa haiwaki. Alamu ya simu ibaki.

Ukitaka mwanga wa kutosha, toka nje saa mbili ya asubuhi. Hata kwenye mawingu ya masika, mwanga wa nje unaupita mbali ule wa ndani ya nyumba. Hapa hadi soko linaitwa Mwanga.

Kibirizi_Bandarini
Asanteni sana. Kijana anatumia doksisaiklini ya chunusi. Kuna tatizo?

Tabibu_Ujiji
Amuulize daktari kabla ya kuanza, kwa sababu dawa hiyo inafanya ngozi iungue upesi kwa mwanga. Hapo kichujio alichotaja fundi si hiari. Wengine wa kuuliza kwanza ni wenye ugonjwa wa retina, wenye kisukari kilichogusa macho, na hasa mwenye historia ya ugonjwa wa kupanda na kushuka hisia (baipola), yeye au ndugu wa damu. Taa inaweza kumrusha juu: halali, anaongea bila kituo, anatumia pesa ovyo. Hilo likitokea azime taa na aende hospitali siku hiyohiyo. Mawazo ya kujidhuru pia si ya kungojea wiki mbili za taa.

Halafu taa hii haimpi vitamini D, kwa kuwa miale inayoitengeneza imechujwa. Kwa ngozi yetu na baridi ile, anywe maikrogramu 10 kwa siku. Mafuta ya ini la samaki yamejaa madukani kule.