Mtoto kabakwa: aanzie polisi kuchukua PF3 (fomu ya polisi ya kupimwa na kutibiwa), au hospitali?

mwalimu_malezi: Wadau, habari za leo. Shuleni wengi tunajua njia moja tu: polisi, PF3, ndipo hospitali. Kituo kikiwa mbali, au ni usiku, saa zinakwenda. Utaratibu sahihi ni upi kwa hapa Tanzania, na sisi walimu tunaharibu wapi?

muuguzi_zamu: Mwalimu, hospitali kwanza. PF3 ni ya kesi, matibabu ya dharura hayaisubiri. Hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono ndiyo nzuri zaidi, maana daktari, polisi na ustawi wa jamii wapo hapohapo.

Dawa za kukinga VVU (PEP) zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Saa ya 70 si sawa na saa ya 4. Humezwa siku 28, na dozi ya mtoto hufuata uzito wake. Wengi huzikatisha njiani kwa sababu ya kichefuchefu, au kwa sababu mtoto anazificha bwenini asiulizwe. Matroni mmoja tu ajue, azitunze, ampe baada ya chakula. Kipimo cha VVU hurudiwa wiki ya 6 na mwezi wa 3.

Msichana aliyeanza kubalehe, hata kama hajavunja ungo, apewe kidonge cha dharura cha kuzuia mimba: levonorgestrel miligramu 1.5, mara moja, kabla ya saa 120 kupita. Akitapika ndani ya saa 2, arudie. Saa 72 zikiwa zimepita, mleteni vilevile: bado kuna tiba ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B na ushauri nasaha.

dawati_jinsia: Naongezea upande wa ushahidi. Asioge wala kufua kabla ya kupimwa. Nguo ziwekwe kwenye bahasha za karatasi, kila nguo na yake. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu, nguo inaota ukungu, na sampuli inaharibika. Kila anayepokea bahasha aandike jina, tarehe na saa, la sivyo wakili wa utetezi ataanzia hapo.

Kingine ni umri. Kesi ya mtoto wa chini ya miaka 18 inaweza kuanguka kwa sababu tu hakuna aliyethibitisha umri wake mahakamani. Tafuteni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki mapema, na mzazi awe tayari kuutaja akitoa ushahidi. Na daktari akiandika "hakuna michubuko", msikate tamaa. Hiyo haimaanishi hakubakwa.

ustawi_wilaya: Walimu mnaharibu kwenye mahojiano. Mwalimu wa darasa anauliza, mkuu anauliza, kamati ya shule nayo inaita. Maelezo yakipishana kidogo, mtoto anaonekana mwongo. Amsikilize mtu mmoja, aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, asimtajie jina la mtuhumiwa. Mtuhumiwa akiwa ndugu wa nyumbani, msimrudishe huko kabla ya kutuita. Namba ya simu ya msaada kwa mtoto, 116, ni bure. Hayo ya wazee kukaa na "kuyamaliza" kwa mbuzi au hela hayafuti kosa la jinai.

mwalimu_malezi: Asanteni sana. Na mvulana?

dawati_jinsia: Matibabu yale yale, ukiondoa kidonge cha mimba. Kwenye hati ya mashtaka kosa linakuwa kulawiti, siyo kubaka. Wavulana huchelewa zaidi kusema, kwa hiyo akilalamika maumivu akienda haja kubwa, au akianza ghafla kukwepa bweni, msimchukulie mtoro.