Mjadala: Mhusika mmoja akiwazidi wenzake nguvu mezani, apunguzwe yeye au aongezwe adui?

Mtoa mada:

Ndugu wachangiaji, naleta suala linalotugawa sisi tunaocheza michezo ya kuigiza wahusika, ile ya karatasi, dadu na msimuliaji mmoja anayeiendesha hadithi. Kundi letu la hapa Kirumba, Mwanza, lina wachezaji wanne na mimi ndiye msimuliaji. Tunakutana kila Jumamosi alasiri, tunafuata kanuni za Dungeons & Dragons, toleo la 5 la mwaka 2014, na kwa kuwa sanamu za kununua hatuna, maadui wetu ni vifuniko vya soda. Wahusika wote wako ngazi ya 6, lakini mmoja wao, paladini, yaani askari mwenye nguvu za kimungu, amewaacha wenzake mbali kiasi kwamba mapambano yamekuwa yake peke yake.

Nitoe mfano. Kundi lilikuwa linavuka kwa mtumbwi kwenda kisiwani, nikawatolea mamba mkubwa, ambaye kitabuni ana pointi 85 za uhai. Paladini akapata zamu ya kwanza, akapiga mara mbili, kila pigo akaliongezea nguvu ya kimungu, na nilipomaliza kujumlisha dadu mamba alikuwa amepoteza pointi 51. Mchawi akamrushia moto, mganga akammalizia. Mchezaji wa nne, mwenye mhusika mwizi, alikuwa ameshaishika dadu yake tayari. Aliiweka kwenye kisosi cha chai, akachukua simu.

Jumamosi iliyofuata nilifanya kile ambacho wengi hushauri: nikampa adui uhai maradufu na meno makali zaidi. Paladini, aliyevaa chuma mwili mzima, hakudhurika sana, ila mganga aliyesimama nyuma yake alianguka kwa pigo moja. Adui akipimwa kwa nguvu za mbabe, wanaokufa ni wanyonge.

Msimamo wangu ni kwamba kosa haliko kwa paladini bali katika ratiba yetu. Paladini wa ngazi ya 6 ana nafasi 6 tu za uchawi za kuyatia mapigo yake nguvu, nazo hazirudi mpaka apate usingizi mrefu, wakati mwizi huongeza dadu 3 za pande sita kila zamu anapopata mwanya wa kuvizia, tangu asubuhi hadi usiku, bila kuishiwa. Mwongozo wa msimuliaji wa 2014 ulikadiria kwamba kundi la kawaida linaweza kukabili mapambano 6 hadi 8, ya kiwango cha kati au magumu, katika siku moja ya hadithi. Sisi tuna saa tatu tu kabla watu hawajawahi daladala za Igoma na Buhongwa, kwa hiyo tunapigana mara moja na kulala, na paladini anamwaga akiba ya siku nzima juu ya mamba mmoja. Napendekeza usingizi uadimike, na jitu moja ligeuzwe kuwa maharamia 8, nusu wakiuvamia mtumbwi na nusu wakikata kamba zake, ili mwenye mapigo mawili alazimike kuchagua.

Mchangiaji wa kwanza:

Hesabu yako naikubali, dawa yako siikubali. Ukiwanyima usingizi utawaumiza pia mchawi na mganga, ambao wanautegemea kama paladini, tena mganga ndiye uliyesema anaanguka kwa pigo moja. Aliyezidi ni mmoja. Kaeni naye mrekebishe karatasi yake ilipoandikwa uwezo wa mhusika. Wenye kanuni wenyewe wamefanya hivyo: katika marekebisho ya 2024, pigo la kimungu limegeuzwa kuwa uchawi unaotumia tendo la ziada, ambalo mhusika hupata moja tu kwa zamu, kwa hiyo paladini hawezi kulitoa zaidi ya mara moja kwa zamu. Ikiwa wao waliona limezidi, ninyi mnaona haya ya nini?

Mchangiaji wa pili:

Mimi ndiye mwenye huyo paladini. Nilimjenga kwa kufuata kanuni neno kwa neno, na msimuliaji aliipitia karatasi yangu akairidhia. Mtoa mada hakutaja kwamba upanga wangu, unaoongeza dadu nzima ya madhara kwa kila pigo, alinipa yeye mwenyewe kama zawadi ya kuokoa kijiji. Sikatai kupunguzwa. Kinachoniudhi ni kupunguzwa kimyakimya, pale kila adui anapokuja na kinga iliyoshonwa kwa vipimo vyangu halafu naambiwa ni bahati mbaya ya dadu. Pigo la kimungu liwe moja kwa zamu, sawa, lakini na mwizi naye atafutiwe kitu. Hana silaha hata moja ya maana tangu tuanze.

Mtoa mada:

Kuhusu upanga, nimeshikwa. Niliutoa kwa furaha ya siku ile bila kupiga hesabu ya mapigo mawili kwa zamu, nikaja kumlaumu aliyepokea. Kanuni ya 2024 tutaitumia kuanzia Jumamosi hii, na mwizi atakuta jambia lake katika sanduku la maharamia, jambo ambalo sasa nimelitangaza kabla ya wakati.

Kwa mchangiaji wa kwanza, bado siachi hoja ya usingizi. Mchawi na mganga wakiwa na akiba ndogo hubana matumizi, na kubana huko ndiko kunakompa mwizi zamu yenye uzito. Ugumu wangu ni mwingine: siku moja ya hadithi ikichukua Jumamosi tatu, kila mtu lazima akumbuke amebakiwa na nini, na kundini kwetu yupo mmoja ambaye karatasi yake iliyopita ilikwenda kufungia dagaa. Aliyewahi kuendesha siku ndefu namna hiyo atueleze kumbukumbu alizitunza vipi.