Kushusha 24V kuwa 12V: konveta inachemka, kamera zinazima usiku

DukaMbagala
Wakuu, habari. Dukani kuna betri mbili za 12V 100Ah, zimeungwa mfululizo kwa sola ya 24V. Nataka kuendesha DVR (kinasa picha za kamera, 12V 2A), kamera nne (0.5A kila moja) na ruta (1A) bila kupitia inveta. Nimechukua Kariakoo kile kibodi kidogo cha LM2596 (kibao cha sakiti cha kushusha volti) kilichoandikwa 3A. Mchana kinakwenda ingawa hakishikiki kwa moto, ila giza likiingia kamera zinazima na kuwaka zenyewe. Niunge viwili sambamba? Au nichukue 12V kwenye betri moja tu?

FundiVolti
Giza likiingia, taa za infraredi za kamera huwaka na hapo ndipo kila kamera inafikia 0.5A yake. Jumlisha: 2 + 2 + 1 = 5A, yaani 60W. Hiyo 3A ni uwezo wa chipu yenyewe. Kwenye kibodi kisicho na bati la kupozea, hesabu 2A za muda wote. Kinazidiwa, volti zinashuka, kamera zinajizima, mzigo unapungua, zinawaka tena.

Sambamba usiunge. Havitalingana volti kwa usahihi, hivyo chenye volti za juu kidogo kitabeba mzigo karibu wote na kufa kwanza. Betri moja ndiyo kabisa usithubutu: hiyo itabaki na chaji pungufu, mwenzake itachajiwa kupita kiasi, na chaji kontrola inaona 24V tu, haijui kinachoendelea katikati.

Tafuta konveta ya 24V kwenda 12V yenye boksi la alumini na mapezi, kama zinazofungwa kwenye malori kwa ajili ya redio. Chukua ya 10A. Muulize muuzaji amperi za muda wote, maana wengine wanaandika za kilele. Chini ya bati la duka hapa Dar, konveta ya 5A kubebeshwa 5A ni kuitafutia kifo. Hakikisha pia upande wa kuingilia unapokea hadi 30V au zaidi, kwa sababu betri zikichajiwa hufika 28.8V. Na usiunge moja kwa moja kwenye paneli. Paneli ya 24V isiyo na mzigo inaweza kupita 40V.

DukaMbagala
Asante mkuu. Fyuzi ya ngapi, na niweke wapi?

Mkondo_DC
60W ukigawa kwa ufanisi wa 0.9 ni kama 67W. Betri zikiwa 22V, zinatoka 3A hivi. Weka fyuzi ya 5A kwenye chanya, karibu kabisa na betri. Tumia za gari zile bapa, zimeandikwa 32V, zinafaa DC.

Watu wengi husahau jambo hili: konveta ya namna hii ikiungua, mara nyingi swichi yake ya ndani hushoti, na 28V zote zinaingia kwenye DVR. Weka diodi ya TVS (ya kukinga vifaa na volti zilizozidi) 1.5KE15A kwenye 12V, upande wenye mstari kwenye chanya. Volti zikipanda, inavuta mkondo mkubwa hadi fyuzi ikatike. Diodi yenyewe huenda ikafa, lakini bei yake na ya DVR hazilingani.

Angalia na waya. Kamera iliyo mita 30 kwa waya wa 0.5mm² inapoteza takriban 1V usiku (kwenda na kurudi ni mita 60). Kwa kamera ya mbali hivyo, tumia 1mm².

FundiVolti
Kabla ya kufunga vifaa, jaribu kwa balbu za breki za gari za 12V 21W. Tatu zinavuta kama 5.25A. Ziwashe moja moja, kwani nyuzi za balbu zikiwa baridi huvuta mkondo mara kadhaa zaidi, na konveta inaweza kujikinga na kukata ukadhani ni mbovu. Acha nusu saa, pima volti kwenye ncha za konveta. Zikishuka chini ya 11.8V, au boksi likichoma mkono, irudishe dukani. Kama ni ya kurekebishwa kwa skrubu, weka 12.0V bila mzigo kwanza. Skrubu hizo huzunguka mara nyingi kabla volti hazijasogea, usikate tamaa ukaisukuma kwa nguvu.