Naombeni ushauri: ngozi inakaza, na dawa zimenichosha

Subira_K: Habari zenu wakuu. Nina skleroderma. Ngozi imekaza vidoleni, mikononi na sasa usoni; ngumi haifungi, mdomo naupanua kwa shida. Nikigusa kitu cha baridi vidole vinakuwa vyeupe, kisha vya buluu, damu ikirudi vinawaka moto. Kiungulia ndiyo usiseme. Ni mafuta gani yanalainisha ngozi hii? Silali kwa mawazo.

Kipanga: Pole dada. Shemeji yangu naye alikauka hivyo hivyo, kumbe fangasi. Tulihangaika naye!

Mama_Wawili: Fangasi wapi tena? Hapo kinga ya mwili inamshambulia mwenyewe. Mimi nina lupasi, nayo ni ya kinga vile vile; watu walikuwa wanakwepa hata kunipa mkono, na wala haiambukizi. Dada, vaa glavu hata unapofungua friji, na upashe joto mwili mzima, si mikono tu. Kwa kiungulia, kitanda kiinue upande wa kichwani.

Baba_Mchungaji: Kinyongo huzaa maradhi, binti. Samehe kwanza.

Muuguzi_Zamu: Mafuta yatapunguza ukavu na muwasho tu. Kinachokaza ngozi ni kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, iliyozidi ndani. Unasema dawa zimekuchosha: umeziacha?

Subira_K: Mimi nimeuliza mafuta.

Muuguzi_Zamu: Nimeona. Umeziacha?

Subira_K: Haya. Nilipewa mikofenoleti kwa sababu mapafu yameanza kuweka makovu. Nimeiacha, maana nataka mtoto na dawa ile inaharibu mimba. Rafiki mwenye baridi yabisi akanigawia prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, nameza miligramu 20 kwa siku. Msinilaumu, viungo vimelegea kweli, sasa kikombe nakishika. Daktari nitamwambia baadaye. Kichwa tu ndiyo kinauma siku hizi, nadhani ni mawazo.

Muuguzi_Zamu: Kuhusu mimba una haki: mikofenoleti huachwa angalau wiki 6 kabla ya kuanza kutafuta mtoto. Ila daktari hukubadilishia dawa isiyodhuru mimba, kama azathioprini, mapafu yasibaki bila kinga. Kinachonitisha ni hiyo prednisoloni. Kwa mwenye skleroderma, hasa ngozi ikiwa inakaza kwa kasi, miligramu 15 kwa siku na kuendelea zimehusishwa na figo kuharibika ghafla: presha inapanda, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu. Zamani hali hiyo iliua wengi. Dawa za presha za kundi la kaptoprili ndizo zilizobadilisha mambo, lakini kwa anayewahi. Pima presha leo. Na prednisoloni usiikate ghafla mwenyewe.

Kipanga: Ngojeni kwanza. Hii chai. Ngumi haifungi, halafu anaandika insha bila kosa hata moja?

Subira_K: Kaka, naongea, simu inaandika. Au nikuwekee picha ya vidonda vya ncha za vidole ndiyo uamini?

Mzee_wa_Hoja: Kipanga, mchoraji Paul Klee anaaminika aliugua ugonjwa huu huu. Mwaka 1939 alitoa kazi zaidi ya 1,200, mwaka uliofuata akafariki. Mikono migumu si ushahidi wa uongo.

Kipanga: Mimi nimeuliza tu. Watu wanatunga sana humu.

Mama_Wawili: Mnabishana mwandiko wakati kichwa kinamuuma. Subira, presha umepima?

Subira_K: Nimepima sasa hivi. 172 kwa 108. Kawaida yangu ni 110 kwa 70.

Muuguzi_Zamu: Nenda dharura, sasa. Usiendeshe gari mwenyewe. Beba vidonge vyote, na ukifika tu sema una skleroderma na unameza prednisoloni. Si kila wa zamu ameshaona mgonjwa wa aina yako. Waombe wapime figo.

Subira_K: Watanikataza kuzaa.

Muuguzi_Zamu: Wapo wenye ugonjwa wako waliojifungua salama, chini ya uangalizi. Figo kwanza, dada yangu.

Subira_K: Natoka. Ila la mtoto silifuti.