Naomba ushauri: Mfereji wa Erie niufundisheje?

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia kidato cha sita, nimekwama kwenye uchumi wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 19.

Machi 1817 Rais Madison aliupigia kura ya turufu muswada wa kujenga barabara na mifereji kwa mapato ya serikali kutoka Benki ya Pili ya Marekani (benki ya taifa ya wakati huo), akisema Katiba haijalipatia Bunge mamlaka hayo. Mwaka huohuo jimbo la New York likaanza kuchimba Mfereji wa Erie, njia ya maji ya kuunganisha Ziwa Erie na Mto Hudson, kwa mikopo yake lenyewe: maili 363, dola kama milioni 7, ukakamilika 1825. Kusafirisha tani moja kutoka Buffalo hadi jiji la New York kukashuka kutoka karibu dola 100 hadi chini ya 10.

Vijana wananibana: serikali kuu ilikaa pembeni, kwa hiyo ni ushindi wa soko huria? Nimewajibu kwamba jimbo nalo ni serikali. Hawakuridhika, na kusema kweli hata mimi jibu halijanikaa.

Nianzie kwenye mvutano wa Katiba au kwenye fedha? Na jimbo la Pennsylvania, lililoiga kwa kukopa na kujenga mifereji yake, likashindwa kulipa riba 1842, niliingize au itawachanganya?