Naomba ushauri: klabu yetu ya kutazama nyota imeanza mivutano, tuiendesheje?

Mpenzi_wa_Kilimia
Wakuu, habari zenu. Tuna kundi la watu wanaopenda anga. Hakuna mwanasayansi kati yetu: kuna mwalimu, fundi umeme, muuguzi na wanafunzi kadhaa. Mawingu yakiachia tunakutana na darubini moja ya kioo, kipenyo milimita 150, mali ya mwenzetu mmoja.

Sasa watu wameongezeka na mivutano imeanza. Wengine wanataka tuandikishe klabu, tuchange ada na tununue darubini kubwa. Wengine wanataka twende shuleni tukawaonyeshe watoto mwezi na sayari. Wapo wanaotaka kupiga picha tu, na mtu akiwasha tochi karibu nao ni ugomvi. Mwenye darubini naye amechoka, maana yeye ndiye anayebeba, anayefunga, anayeeleza na anayeondoka wa mwisho.

Klabu ya kujitolea hasa ni ya nini? Vifaa viwe vya nani? Na miezi ya mawingu tufanye nini watu wasipotee? Jambo hili nalipenda mno, sitaki klabu ife.

Bundi_Mkesha
Mkuu, darubini kubwa haitatibu hayo. Kaeni kikao kimoja mkubaliane klabu inamtumikia nani, mengine yatafuata.

Klabu za namna hii zina kazi tatu: wanachama kujifunza pamoja, kuwafungulia watu wengine anga, na kukusanya vipimo vinavyosaidia sayansi. Mnaweza kufanya zote, ila chagueni moja iwe uti wa mgongo. Huko Marekani mwaka 1968 John Dobson na wenzake walianzisha kikundi cha kuweka darubini kando ya barabara San Francisco, mpita njia yeyote achungulie bure. Darubini zao zilikuwa za kujitengenezea, juu ya stendi sahili ya mbao, na hadi leo stendi ya aina ile inaitwa kwa jina lake. Walijua wanamtumikia nani, kwa hiyo hata kifaa kilitengenezwa kwa ajili ya huyo mpita njia.

Kuhusu uchovu wa mwenzenu: gawanyeni kazi za usiku mmoja. Mtu wa kwanza awe kwenye darubini, wa pili apange foleni na kueleza kinachotazamwa, wa tatu azunguke na wageni akiwaonyesha nyota kwa macho matupu. Huyo wa kwenye darubini hana nafasi ya kuhutubia. Ukikuza Zohali mara 150 kwa darubini isiyo na mota ya kuifuatisha sayari, dunia inavyozunguka sayari hutoka katikati na kupotea kabisa ndani ya dakika moja hivi. Kila mtu akishatazama, lazima uirudishe kabla ya anayefuata. Halafu kuna yule mgeni anayeshika lenzi ya jicho, ile ya kuchungulia, kwa mkono mzima ili asogee vizuri, na sayari imekwenda! Wekeni kiti au ngazi fupi pembeni, watu washike hiyo. Zamu zibadilishwe kila saa.

Wapiga picha wapeni usiku wao wa giza, mwezi ukiwa haupo. Usiku wa wageni nao wakubali kuwa ni wa wageni. Tochi ziwe nyekundu tu, kwa sababu jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu unaharibu kazi hiyo mara moja.

Mtunza_Daftari
Upande wa mali. Darubini ya mtu ibaki ya mtu, na muandike hivyo. Klabu ikinunua chake, kiandikwe kwenye daftari: kifaa gani, kilipatikanaje, kiko kwa nani, kinarudi lini. Nimeona marafiki wa miaka wakinuniana kwa sababu ya lenzi moja ambayo kila mmoja aliamini mwenzake anayo.

Ada iwe ndogo, na anayeshindwa kulipa aruhusiwe kutoa muda wake. Mweka hazina asome hesabu mbele ya wote. Uongozi uwe na kikomo ili mwenyekiti asije akageuka mwenye klabu.

Jicho_Tupu
Mimi nawapinga wanaotaka kununua sasa. Anzeni na darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 (inakuza mara 7 au 10, lenzi za mbele zina kipenyo cha milimita 50), azimeni kwa zamu. Kilimia, kile kishada cha nyota, inapendeza zaidi humo kuliko kwenye darubini kubwa, kwani humo inaenea yote. Asiyeweza kuonyesha makundi ya nyota kwa kidole, darubini kubwa itamkatisha tamaa.

Mama_Zuhura
Mpenzi_wa_Kilimia mdogo wangu, mkienda shuleni mtakwenda mchana, na mchana kuna jua. Hapo sina mzaha. Kichujio cha jua kinafungwa mbele ya darubini, pale mwanga unapoingilia, na kinabanwa kisiweze kupeperushwa na upepo. Vile vichujio vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya jicho vikataeni kabisa, vinaweza kupasuka kwa joto jicho la mtoto likiwa pale pale. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua ni ya macho matupu, haivaliwi kuchungulia darubini. Darubini ya kutafutia iliyo pembeni ifunikwe au itolewe. Na mtu mzima asiondoke kwenye chombo hata kwa dakika. Kama hamna wa kusimama hapo, acheni jua, waonyesheni mwezi jioni wazazi wakiwepo.

Mpima_Mng'ao
Mmeisahau sayansi. Nyota kama Mira hung'aa na kufifia kwa mzunguko wa siku 332 hivi, mara unaiona kwa macho, mara inapotea mpaka uitafute kwa darubini. AAVSO, shirika la Marekani la watazamaji wa nyota zinazobadilika mng'ao, lililoanzishwa 1911, linapokea makadirio ya mng'ao kutoka kwa watazamaji wa kujitolea duniani kote, na wataalamu wanayatumia. Unalinganisha nyota yako na jirani zake ambazo mng'ao wao unajulikana, unaandika namba na saa, unatuma. Wanafunzi wenu watapata sababu ya kurudi.

Miezi ya mawingu kutaneni vilevile, siku ile ile. Fundisheni kusawazisha vioo vya darubini, pitieni anga la mwezi ujao kwa Stellarium, programu ya bure, na kila mara mwanachama tofauti aandae mada fupi. Mkiahirisha kila wingu likitanda, watu watazoea kukaa nyumbani.

Mpenzi_wa_Kilimia
Nashukuru sana, wakuu, na shikamoo Mama_Zuhura. Nitapeleka kwenye kikao hoja ya wageni kuwa uti wa mgongo, zamu za kila saa na daftari. Swali la mwisho: usiku wa kwanza wa wageni tuuweke lini? Wengi wanapendekeza mwezi mpevu.

Bundi_Mkesha
Msiuweke mwezi mpevu. Mwanga wa jua unaupiga uso kwa uso, vivuli vinatoweka, mgeni anaona sahani nyeupe inayomuumiza jicho. Uwekeni siku ya saba hivi baada ya mwezi kuandama, ukiwa nusu. Jua likizama unakuwa tayari juu, na unatua karibu na usiku wa manane, kwa hiyo wanaotaka giza watalipata baadaye. Elekezeni darubini kwenye mstari unaotenganisha mwanga na giza, hapo ndipo kingo za mashimo na vilele vya milima huonekana vizuri. Andaeni na tarehe ya akiba, mawingu yakija msianze kubishana.