Mrejesho: kashamba ka nyuki nyuma ya nyumba

Wakubwa, shikamooni. Niliuliza nipande nini uani, hapa Singida, ili nyuki waje, maana maboga yalikuwa yanachanua tu na vitoto vyake vinanyauka.

Aliyenishauri mrehani, Mungu ambariki. Nimeuacha utoe maua, na kutwa nzima ni mvumo tu. Alizeti nazipanda kwa awamu ili maua yasiishe kwa mkupuo. Mbaazi nazo zinawavuta, hasa wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Mlonge bado mdogo.

Maboga sasa yanashika. Ua la boga hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, tena dume na jike ni maua tofauti, hivyo nyuki asipowahi, basi tena. Dawa ya wadudu sipulizii kabisa wakati wa maua. Vidukari nawamwagia maji ya sabuni jioni nyuki wakishaondoka. Maji ya kunywa nimewawekea kwenye karai lenye mawe, wasizame.

Mzinga mama watoto amekataa katakata, na kwa watoto wetu watundu namwelewa. Nafikiria wale nyuki wadogo wasiouma. Anayewafuga aniambie, mzinga wao unatundikwa kivulini au juani?